Pikipiki Kubwa Lisilo na Kiki

Simu ya mjomba iliingia nikiwa nimeshika pistoni ya pikipiki yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeifungua injini tangu jana yake, vipande vyote vimepangwa juu ya gunia, na mikono yangu imejaa oili. Fundi wangu, aliyenifundisha kazi pale gerejini Bagamoyo, ndiye aliyenishikia simu sikioni.

"Mpwa, bibi yako ametutoka," mjomba alisema. "Alfajiri hii. Nakupigia tangu asubuhi, mtandao huku haushiki."

Fundi alinitazama, akaisogeza simu karibu zaidi.

"Unanisikia? Tunamzika baada ya adhuhuri. Alasiri hawatangoja, kaburi linatoa maji. Huku mvua siku ya nne leo. Wewe njoo. Unajua mwenyewe alivyosema."

Nilijua. Bibi alinilea tangu mama yangu alipofariki, na mwaka huu alipoanza kushinda kitandani alikuwa akirudia jambo lile lile kila nikienda kumwona. Sitaki kutiwa kaburini na watu baki, alisema. Kichwa changu atakishika mjukuu wangu. Kwetu maiti ya mwanamke huteremshwa na maharimu wake, mwanawe au ndugu yake au mjukuu. Bibi alikuwa amebakiwa na wawili tu. Mmoja ni mjomba, ambaye alianguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika nyonga na tangu siku hiyo hawezi kuchuchumaa, sembuse kuingia shimoni. Wa pili ni mimi. Nisipofika wangeteremka majirani, na sheikh angewaruhusu, si dhambi. Lakini aliniomba mimi, na mimi nilimwambia sawa bibi.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Basi la kutoka Bagamoyo lingenifikisha Kiwangwa, na kutoka Kiwangwa hadi kijijini kwetu ni njia ya mashamba ambayo kwa mvua ya siku nne hakuna bodaboda angekubali kuingia. Nilianza kuokota vipande vya injini yangu kimoja kimoja, nikavirudisha chini. Haikuwezekana.

"Chukua lile," fundi akasema.

Lile lilikuwa kwenye kona ya gereji, limefunikwa turubai. Lilikuwa la bwana mmoja wa Dar aliyekuja kila mwezi kuzunguka nalo porini, kisha analiacha kwetu. Pikipiki la lami na porini, refu, limenyanyuka hadi nikikaa juu yake vidole tu ndivyo vinavyogusa chini. Injini yake ilikuwa mara nne ya yangu.

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe niachie mimi. Dogo, wewe si umeshalijaribu? Unalijua."

Nilikuwa nimelizungusha uwanjani na kulipeleka kituo cha mafuta mara moja. Sikumwambia. Tukaliamsha kwa waya kutoka betri ya bajaji ya mteja, maana betri lake lilikuwa halitunzi chaji tena.

"Usilizime," fundi alinifokea juu ya mngurumo. "Hata ukisimama kukojoa, liache lingurume. Halina kiki ya mguu hilo, ni selfu ya kubonyeza tu."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaondoka na oili mikononi.

Kwenye lami sijawahi kuona kitu cha namna ile. Pikipiki zetu ndogo ukipishana na lori la mchanga unasukumwa hadi pembeni, unashikilia usukani kwa nguvu zote na kuomba Mungu. Lile halikusogea. Malori yalipita, upepo wake ukanipiga kifuani, na pikipiki likaendelea mstari ule ule. Matairi yake ya meno yaliimba juu ya lami, sauti nzito ya nyuki, na kadiri nilivyovuta mafuta ndivyo yalivyoimba kwa sauti ya juu. Ukivuta kidogo tu, linaruka mbele na kuiacha shingo yako nyuma. Nikiinama kwenye kona linainama taratibu, halina haraka, kisha linasimama lenyewe. Breki ndiyo iliyonishtua. Shokapu zake za mbele ni ndefu, na nilipobana breki kwa ajili ya mbuzi karibu na Fukayosi, pua yote ilizama chini na nikajikuta nimelala juu ya tangi. Mbuzi akavuka. Nikajifunza kubana mapema na kwa upole.

Nilikuwa nalia, lakini kwa mwendo ule machozi hayashuki mashavuni, yanakimbilia masikioni.

Nilifika Kiwangwa saa tano na dakika arobaini hivi. Nilipoiona saa kwenye duka la soda nikasema moyoni, nitawahi. Kutoka pale nina nusu saa hali ya hewa ikiwa nzuri, saa nzima ikiwa mbaya. Watakuwa hata hawajaanza kumswalia.

Mwanzo wa njia yetu ni mchanga. Unapoacha lami na kuingia mchangani na pikipiki ndogo, unateremsha miguu yote miwili na kuburuta, ukiisaidia kwa kisigino huku na huku. Ndivyo tulivyojifunza wote, na ndivyo nilivyofanya. Gurudumu la mbele likaanza kuyumba, nikapunguza mafuta kwa woga, na mara tu nilipopunguza likazama kama jembe. Mguu wangu wa kulia ulibaki nyuma, ukapigwa na begi la chuma la pembeni. Nikavuta mafuta kwa hasira tu, si kwa akili, na pikipiki likanyooka. Basi nikaelewa kwamba linataka kinyume cha nilivyozoea. Ukiogopa linaanguka. Ukivuta mafuta, pua inapanda, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuelea juu ya mchanga, na la nyuma linajua linakokwenda. Usukani unaushika kwa ulegevu, unauacha utikisike. Macho unayatupa mbali, si kwenye gurudumu.

Baada ya mchanga njia inapanda kwenye udongo mwekundu wenye mawimbi, ile sehemu ambayo kwa pikipiki yangu meno hugongana. Lile lilipita juu ya mawimbi ukilipa mwendo. Polepole lilitikisika hadi vioo vikageuka. Kwa kasi lilitulia. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha, na mikono ilianza kufa ganzi kwa mtikisiko na kwa kubana klachi yake ngumu, lakini sikujali. Nilifika juu, mahali ambapo njia inateremka moja kwa moja hadi bondeni kwenye kijito, na ng'ambo yake ndiko kwetu. Kutoka pale juu naweza kuiona mikorosho ya mjomba.

Na pale pale juu nililizima.

Nimejaribu mara nyingi kueleza jambo hili na watu hunitazama. Mteremko ule kila mwendesha pikipiki wa kwetu huuteremka kimya. Ukifika juu unazima injini, unatia gia huru na kuiachia itelemke yenyewe, mafuta yanabaki, unasikia cheni tu na ndege. Nimefanya hivyo tangu nilipojifunza kuendesha. Tunafanya sote. Mkono wangu wa kulia uliifuata swichi wenyewe huku nikiitazama ile mikorosho na kumfikiria bibi, na ghafla kukawa kimya.

Nilijua kosa langu kabla ya hatua kumi. Nikabonyeza selfu. Ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Na pikipiki tayari lilikuwa linatelemka.

Uzito wote ule bila injini ya kuuzuia si jambo dogo. Udongo wa chini ni mweusi, ule unaonata, na maji yalikuwa yameulainisha. Nikabana breki ya nyuma, gurudumu likagoma kuzunguka na kuanza kuteleza pembeni. Nikateremsha mguu, kosa lile lile la mchangani. Mguu uliingia kwenye tope hadi gotini na kubaki hapo, na pikipiki likaja juu yangu.

Halikunivunja. Tope lilinimeza kabla ya chuma kunifikia vizuri. Nilichomoa mguu, kiatu kikabaki humo. Nikajaribu kulinyanyua na likakataa. Nikajaribu kwa mgongo, nikiwa nimelipa kisogo, nikakanyaga na kusukuma hadi nikaona nyota, likasimama. Nikabonyeza selfu. Hata haikukoroma.

Simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Mteremkoni, mjomba. Nimeanguka."

"Umeumia?"

"Hapana. Limezimika."

Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia na mtu anauliza maji ya moto mengine yako wapi. "Wameshamwosha," akasema. "Wanamvika sanda. Adhuhuri hiyo inakaribia. Acha pikipiki, uje kwa miguu."

Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima kwa kijito kilichojaa. Kivuko cha miguu huzama siku za mvua, lazima uzunguke kwa juu. Nilimwambia naja, na sikumwambia naja na nini.

Nikalisukuma. Hatua mbili, tatu, tope likajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma. Nikachimba tope kwa vidole na kijiti. Hatua nne nyingine. Nikachimba tena. Nilikuwa nikisema, bibi nisamehe, bibi nisamehe, kwa sauti, kwa kuwa nilidhani niko peke yangu.

Sikuwa peke yangu. Shambani upande wa kushoto kulikuwa na wanawake watatu wakichimba mihogo, mama mmoja wa makamo na binti zake wawili wakubwa. Niliwaona kitambo kabla hawajanisemesha. Ningeweza kuwaita wakati ule ule. Badala yake nililipitisha pikipiki mbele yao macho chini, nikijifanya najua ninachofanya, na kwa ujinga ule nilipoteza labda robo saa.

"We kaka!" binti mmoja akapiga kelele. "Huyo ng'ombe wako unamburuta mnadani?"

"Shikamoo mama," nikamwamkia mama yake.

"Marahaba. Hilo dude la polisi?"

"Hapana, mama. La watu."

"Lipige kiki basi," binti wa pili akasema, "tusikie linavyolia."

"Halina kiki."

Wakacheka wote. "Kubwa lote hilo! Wakasahau kiki!"

Hapo nikaanza kulia mbele yao, na mama akatupa jembe. "Nyamazeni. Baba, una nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu kwa pumzi moja, bibi, kaburi, maji, mjomba na nyonga yake. Alikuwa akimfahamu bibi, walikuwa wakikutana msibani na kwenye maulidi. Alivua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni juu ya ile nyingine na kuwaambia binti zake, "Njooni huku nyuma. Wewe panda."

Mara ya kwanza nilitia gia ya pili, wakasukuma, nikaachia klachi, na gurudumu la nyuma likasimama kabisa, likaburutika topeni kama gogo. Injini kubwa inabana sana, tairi halipati pa kushika. Mara ya pili hivyo hivyo. Binti aliyenitania alikuwa amepakwa tope hadi kwenye nyusi.

"Kaka, ukituua na sisi tutazikwa na nani?"

"Nyamaza usukume," mama yake akamwambia.

Mara ya tatu tulilivusha hadi kwenye nyasi kando ya njia, tukaligeuza lielekee mteremko. Nikatia gia ya tatu. Walisukuma wakipiga kelele wote watatu kwa pamoja, na nilipoachia klachi nilijirusha juu kidogo na kujibwaga kwenye siti kwa uzito wangu wote, ili tairi lishike. Likakohoa. Likashika. Likanguruma. Nilivuta mafuta na sikugeuka nyuma kuwashukuru, maana ningegeuka ningepunguza.

Tangu hapo sikushusha mguu tena. Nilisimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, makalio yamerudi nyuma. Njia yenyewe ilikuwa mtaro wa tope uliochimbwa na trekta, na kila nilipoingia ndani yake pikipiki liliyumba kama mlevi. Nikaiacha njia. Niliingia kwenye nyasi, na kutoka kwenye nyasi nikaingia shamba la mananasi la watu.

Ninaona aibu kulisema, ila humo ndimo lilimokwenda vizuri kuliko popote siku ile. Kati ya mstari na mstari udongo ulikuwa na kokoto na majani makavu, tairi lilishika. Gia ya pili, mafuta hayaongezeki wala hayapungui, mwili wangu ndio ulioligeuza, si usukani. Nikiegemea kushoto linakwenda kushoto. Miiba ya majani ilinichana miguu, mmoja una kiatu na mmoja hauna. Nilivunja mananasi ya watu, niliyasikia yakipasuka. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mwenye shamba kumwomba radhi, akaniambia alishaambiwa, akanipa nanasi moja nimpelekee mjomba. Lakini siku ile sikujua hilo.

Kijito kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya chai. Nilikivuka kwa juu, penye mawe, bila kusimama kupima kina. Maji yalipanda hadi kwenye injini, injini ikabadilika sauti, ikawa inagugumia, na mimi nilishikilia mafuta pale pale huku nikipiga kelele nisizozijua. Gurudumu la mbele liligonga ukingo, likapanda. Nilipotokeza kwenye mikorosho nikawaona wanaume wamekwisha kufika makaburini. Jeneza lilikuwa chini. Shuka la kijani lilikuwa limeshikwa pembe nne juu ya kaburi.

Nililiachia pikipiki likaangukia ubavu na kuzima. Nikakimbia.

Majirani wawili walikuwa wameshateremka. Niliviona vichwa vyao chini ya shuka. Mjomba alisimama ukingoni kwa fimbo yake, na aliponiona alimwambia sheikh, "Ngoja. Huyo amefika."

Sheikh alinitazama kuanzia kichwani hadi mguu usio na kiatu. "Nawa mikono," akasema. "Haraka."

Mtu alinimiminia kopo la maji. Jirani mmoja akapanda juu, mimi nikashuka mahali pake, upande wa kichwa. Chini maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu, lakini mwanandani, shimo la pembeni la kumlazia maiti, walikuwa wameuchimba juu kidogo na kuutandika mchanga mkavu, ulikuwa bado haujaguswa. Mwanga wa shuka ulitufanya wote tuwe wa kijani. Wakamteremsha. Nilimpokea kwa mikono ya mbele, kati ya kiwiko na kiganja, nikamwegemeza kifuani. Alikuwa mwepesi mno. Mfuko wa saruji ni mzito kuliko bibi yangu alivyokuwa.

Tulimlaza ubavu wa kulia. Jirani akafungua fundo la miguuni, kisha la kiunoni, na sheikh akasema kutoka juu, "Fundo la kichwani. Mfunulie shavu."

Vidole vyangu havikukunjuka. Vilikuwa vimeganda katika umbo la kushika usukani, vyote kumi. Niliviweka juu ya fundo na vikawa vinaligusagusa tu, havibani, havivuti. Nilivipulizia pumzi. Nilijaribu kwa vifundo vya vidole. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza.

"Niachie mimi," jirani akaninong'oneza.

"Hapana."

"Kijana, maji yanapanda."

"Hapana, mzee, tafadhali."

"Vipi huko?" sheikh akauliza.

Niliinama na kuliuma lile fundo kwa meno. Sanda ilikuwa na karafuu maiti, chungu, baridi, ikanijaa mdomoni. Nililing'ata na kulivuta kando, nikang'ata tena, uso wangu ukiwa juu ya uso wake, kitambaa kimoja tu katikati. Nilisikia likilegea. Nikausogeza upande wa kitambaa kwa kiganja, na shavu lake likatokea, nikalilaza kwenye mchanga.

"Tayari," jirani akasema kwa niaba yangu.

Tulipanga mbao. Mjomba alinyoosha fimbo yake nikaishika kwa viwiko, wakanivuta juu. Watu walianza kufukia, majembe yakipokezana, na mtu akanipa langu. Likaniponyoka. Nikaliokota, likaniponyoka tena. Basi nikapiga magoti ukingoni na kusukuma udongo kwa mikono ya mbele, fungu kwa fungu, hadi mjomba aliponigusa bega na kusema inatosha, mpwa, limejaa.

Ule uchungu wa karafuu maiti ulikaa mdomoni mwangu hadi magharibi. Walinipa chai, sikunywa. Walinipa maji nisukutue, nikayamwaga.